Ukurasa wa Mlinzi wa Mkate

Saa nne asubuhi Enid Purkiss, mtunza maktaba, alifungua kasha, akalikuta tupu. Ukurasa wa ngozi ya ndama, ulioandikwa kabla Waingereza hawajawa na mfalme mmoja, haumo. Ndimo neno "lord", ambalo leo wanamwitia bwana mkubwa, lilimoandikwa kwa maana yake ya kale kabisa: mlinzi wa mkate. Na ufunguo wa kasha ulikuwa shingoni mwa Enid.

"Jana nani aliusoma?" aliuliza Sajini Gadsby.

"Dakta Lathbury. Saa kumi akanirudishia kasha, kifuniko kimeshafunikwa, nami nikalitia ufunguo."

"Ukachungulia ndani?"

"Mzee kama yule, Sajini! Ningeanzaje kumkagua?"

Gadsby akaguna. Bawabu Crouch alikwisha kupekuliwa hadi soksi, wakaambulia matusi tu. "Basi, binti, ufunguo ni wako. Chukua kofia, twende kituoni."

Enid akachukua kofia. Nyumbani baba yake kipofu alikuwa akimsubiri ampikie. Enid angefungwa, nani angemlisha?

Mlangoni akaingia Dakta Lathbury mwenyewe, aliyemaliza ujana wake akitafuta asili ya neno lile. "Pole, mwanangu," akasema, akimshika mikono yote miwili.

Enid akashtuka. Ilikuwa Januari, mwezi wa baridi kali huko Uingereza, na katika maktaba ile kila msomaji huapa kutoingiza moto. Wote waliandika wamevaa glavu, vidole vimekufa ganzi. Viganja vya mzee vilikuwa na joto.

"Sajini! Mshike mikono huyu!"

Gadsby akamshika. "Alaa! Ina joto! Mzee, hebu vua koti."

Ndani ya koti kulining'inia kikopo cha makaa, kimezungushiwa flana. Kwenye bitana ukatoka ukurasa, umejikunja kama ngozi ya nguruwe kikaangoni.

"Niliinama niusome vizuri, kikopo kikauangukia," alisema Lathbury. "Wangenifukuza. Nje ya humu mimi ni maiti."

"Ndiyo ukaona bora nikaoze jela mimi? Baba yangu angekula nini? Sema!"

Gadsby akamwachia Enid, akamkamata mzee.

Enid akaukunjua ukurasa taratibu. Palipokuwa na lile neno pana tundu, kingo zake nyeusi. Akalia kwa sauti, yeye aliyekwisha kuachiwa huru.

"Naomba nilitazame neno lile mara moja tu," Lathbury alisihi.

Enid akamwinulia ukurasa. Kupitia tundu lile, mzee aliona dirisha.