Ufa Uliotaka Mwisho

Mimi ni mchekeshaji, nimechekwa na watu wa kila aina: walevi, maaskofu, hata mama mkwe siku ya mahari. Ila kuchekwa na ukuta... hiyo ilinipata mtaani Jericho, themanini na nne, mwaka ule wa njaa na unga wa manjano.

Jua lilikuwa linazama. Nilitumwa mafuta ya taa, nikarudi kwa njia ya uani na chupa yangu mkononi. Pale nyuma ya sukuma wiki za Perez, mke wangu, ndipo nilipouona. Ufa. Ulianzia chini, ukapanda ngazi kwa ngazi ukifuata saruji kati ya matofali, hadi kona ya dirisha. Nikaweka kiganja.

Ulikuwa unapumua.

Hewa ya uvuguvugu... yenye harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi.

Nikatangaza ndani kwamba ni panya. Hakuna aliyeamini. Majirani walishasema ni mkono wa mtu, kwamba mpangaji aliyetutangulia alihama bila kuaga, akaacha hata sufuria jikoni. Perez hakubishana nao. Alipanga nguo za watoto kwenye sanduku, akanipa mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi.

"Baba Adhiambo, huo mdomo usipofungwa, mimi na watoto tunarudi kwetu Ugenya. Wewe baki uchekeshe matofali."

Basi nikayachekesha. Kila jioni nilisimama pale nikaurushia ufa utani, watoto wakichungulia dirishani, waone baba yao haogopi. Nilianza maisha na Perez katika nyumba ile, na watoto wote wawili walizaliwa humo. Nihamishwe na tundu?

Lakini kila asubuhi ufa ulikuwa mpana zaidi. Kikaingia kidole cha Adhiambo. Kisha changu.

Jumatano nikamleta Ndambuki, fundi asiyecheka hata umtekenye. Akachutama, akachimba kidogo kwa mwiko.

"Mzee, hapa hakuna uchawi. Ni udongo mweusi. Kule mbele kiangazi kimeukausha, umesinyaa. Hapa mama anamwagilia mboga, umefura. Nyumba inavutwa huku na huku."

Akaagiza sukuma zing'olewe. Kisha akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, saruji huku na saruji kule, akaandika tarehe kwa msumari. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Kikibaki kizima, ufa umelala, naye atauziba.

Siku hiyo mafua yalininyang'anya sauti. Jumatano, Alhamisi, sikutoa neno. Kioo kizima. Ijumaa sauti ikarudi, nami nikaenda kwa ufa na madaha yangu yote. Kabla sijafika kwenye kichekesho chenyewe...

"Khe... khe... khe..."

Ndani ya matofali. Taratibu, kama mtu anayebana kicheko kanisani.

Ta!

Kioo kikakatika katikati.

Nikaelewa. Kinywa hupanuka kikicheka. Ndambuki alikuwa na udongo wake. Mimi nilikuwa na hadhira.

Jumamosi fundi akabandika kioo kipya, akinung'unika kwamba kuna mtu aligonga kile cha kwanza. Sanduku lilikuwa tayari mlangoni. Jua likizama nikavaa koti langu la jukwaani, nikatoka uani peke yangu.

"Kulikuwa na mtu wa Mathare," nikaanza, "alinunua viatu vya akala sokoni Kariokor. Muuzaji akamwonya, hizi ni tairi za basi la Mombasa. Akavaa. Miguu ikaondoka yenyewe! Akapita Athi River, akapita Emali, analia asaidiwe. Mtito Andei askari akamsimamisha, akazitazama zile akala, akamwuliza..."

Nikanyamaza.

Upepo ukakata. Ile harufu ikasogea karibu na uso wangu.

"Halafu?"

Mnong'ono. Wenye kiu.

 Nikauinamia.

"Mwisho ninao mimi," nikasema. "Panua mdomo tena, uone kama utausikia."

Asubuhi kioo kilikuwa kizima. Perez akakipitishia kidole, kisha akarudi ndani akafungua sanduku. Ndambuki aliuziba ufa, na mpaka leo anawaambia watu dawa ilikuwa kung'oa sukuma. Huenda. Udongo ulikuwa mweusi kweli.

Ila mwisho wa utani ule sijautoa tena. Si jukwaani, si nikiwa nimelewa.

Jumatano iliyopita, magharibi, nilikuwa mezani na chai yangu. Wajukuu walikuwa nje. Sauti ya Perez ikatoka jikoni, tamu, bila haraka.

"Baba Adhiambo... yule askari wa Mtito Andei. Alimwuliza nini?"

Nikafungua mdomo.

Mlango wa mbele ukalia. Perez akaingia kutoka kwaya, Biblia kwapani, akauliza kama chai imebaki.

Nikafunga mdomo. Nikammiminia kikombe. Kisha nikageukia ukuta wa jikoni.

"Subiri," nikauambia. "Mimi sihami."

Ndani ya matofali, kitu kikavuta pumzi... kikaizuia.