Bado Paa

Mko tayari? Haya, tuingie uani. Tembeeni polepole, maana kwa kina Chausiku vitu vimejaa kila mahali.

Chausiku ni mdogo. Bado hajaanza shule. Anaishi na Baba, Mama na Bibi, chini ya mlima unaopenda kuvaa mawingu.

Bibi yake Chausiku hatupi kitu. Ubao uliovunjika? Hatupi. Msumari uliopinda? Hatupi.

"Usitupe," Bibi husema. "Kitafaa."

Basi nyumbani kwao hakupitiki! Jembe limesimama mlangoni. Kuni zimelala chini ya meza. Baiskeli ya Baba iko chumbani kwa Chausiku, imeegemea kitanda kama mgeni aliyechoka.

Kila asubuhi Baba anajikwaa. Pu!

"Aa, jembe hili jamani!" Baba anasema. Jembe halisemi kitu.

Siku moja Baba alijikwaa, akaanguka kabisa. Akakaa palepale chini, akashika goti.

"Mama," akamwambia Bibi, "ama vitu hivi vitoke, ama mimi nitoke."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafunga kanga yake kiunoni, kwa nguvu. Akachukua nyundo.

"Basi nitavijengea banda," akasema. "Chausiku, mwenzangu, njoo. Wewe ndiye msaidizi wa fundi."

Kwanza, nguzo. Jirani alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake. Mirunda yake, ile miti mirefu ya kushikilia zege, ilikuwa imelala tu uchochoroni.

"Chukua, mama," jirani akasema. "Inanizibia njia."

Bibi akachimba mashimo. Akasimamisha mirunda. Akashindilia udongo kwa miguu. Chausiku naye akashindilia kwa miguu yake midogo. Du! Du! Du!

Ko! Ko! Ko!
Mirunda imepata kazi!

Kisha, mbao. Zilikuwa na saruji kavu iliyogandia. Chausiku akaikwangua kwa kijiko kibovu. Kwaru, kwaru, kwaru. Vumbi likampanda kichwani, nywele zikawa nyeupe.

"Ehee," Bibi akasema. "Sasa tumelingana mvi."

Ko! Ko! Ko!
Mbao zimepata kazi!

Na misumari je? Yote ilikuwa imepinda. Bibi aliiweka juu ya jiwe, akaigonga taratibu mpaka ikanyooka. Mmoja ulikataa katakata.

"Huu una kiburi, Bibi," Chausiku akasema.

"Uweke pembeni. Ukituona tunafanya kazi utaona haya."

Mlango ulitoka kwenye duka lililobomolewa. Ulikuwa wa bluu, na kitasa chake kililia kidogo. Dirisha lilitoka kwenye basi bovu. Ukilisukuma huku, shwaaa, linafunguka. Ukilisukuma kule, shwaaa, linafungwa.

Chausiku akalifungua. Shwaaa. Akalifunga. Shwaaa. Akalifungua tena.

"Basi, mwenzangu," Bibi akasema. "Litatuambia limechoka."

Ko! Ko! Ko!
Dirisha limepata kazi!

Jioni, Baba akarudi kutoka kazini. Akaenda uani. Akazunguka banda, akalipigapiga kwa kiganja.

"Mama! Banda limesimama!"

"Limesimama," Bibi akasema, akijifuta jasho. "Bado paa."

Bado paa!

Chausiku akatulia tuli. Paa?

Chausiku anamjua paa. Siku moja walikuwa safarini kwa basi, yeye na Mama, naye alikaa dirishani. Paa alikuwa kando ya barabara. Masikio yake hivi. Miguu yake myembamba hivi. Akamtazama Chausiku, Chausiku akamtazama. Kabla hajamwita, basi likawa limepita.

Tangu siku ile, Chausiku anamtaka paa. Anamtaka sana. Anamtaka kuliko mwanasesere, kuliko viatu vyenye taa.

Kumbe banda ni la paa! Na Bibi hakusema!

"Bibi," Chausiku akauliza kwa sauti ndogo, "tutapata wapi paa?"

"Kwa mjomba wako Kibwana. Kesho analeta na mkokoteni."

"Atafunga kamba?"

"Lazima afunge! Bila kamba, ni kukimbizana barabarani."

"Na hatutamrudishia Mjomba?"

"Thubutu! Akishatoa, ametoa."

Moyo wa Chausiku ukacheza ngoma. Akakimbia hadi kwenye ua. Upande wa pili alikuwepo Kondo, rafiki yake, anakula muhogo.

"Kondo! Paa anakuja!
Anakuja kwetu, anakuja kesho!"

Kondo akaacha kutafuna. Sasa, Kondo huyu mdomo wake hauna breki. Akamwambia dada yake. Dada yake akawaambia wenzake kisimani. Kabla ya giza kuingia, watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaimba:

"Paa anakuja!
Anakuja kesho!"

Asubuhi, Chausiku aliamka mapema. Akaweka maji kwenye bakuli. Akaliweka ndani ya banda, kwenye kona.

Watoto wakaja. Kila mmoja alikuja na nyasi. Wengine walizikumbatia, wengine walizibeba kichwani. Kondo alikuja na nyasi nyingi mpaka uso wake hauonekani, akagonga nguzo. Ngo!

Bibi akatoka na kikombe chake cha chai. Akashangaa.

"Nyasi zote hizi za nini?"

"Za paa!" watoto wakajibu.

"Nyasi za paa!" Bibi akafurahi. Mabanda mengi huezekwa kwa nyasi, nanyi mnajua. "Watoto wa siku hizi mna akili! Lakini hizi hazitoshi, wajukuu zangu. Hata robo."

Chausiku akamtazama Kondo. Kondo akamtazama Chausiku.

"Hazitoshi?" Kondo akanong'ona. "Lo! Paa wako anakula sana!"

Mbio, wakaenda kuleta nyingine.

Mara wakasikia huko barabarani: gwara, gwara, gwara. Ni mkokoteni! Mjomba Kibwana anausukuma, jasho linamtoka. Juu ya mkokoteni kuna kitu kikubwa. Kimefunikwa turubai. Kimefungwa kamba.

Watoto wakashika midomo yao. Hakuna aliyetaka kumtisha paa.

Mjomba akafungua kamba. Akashika turubai. Akavuta. Fyaa!

Mabati.

Mabati ya zamani, yenye kutu huku na huku. Mjomba alikuwa ameezeka nyumba yake upya, na haya ndiyo yaliyobaki.

Chausiku akachungulia chini ya mkokoteni. Akachungulia nyuma ya Mjomba.

"Mjomba, paa yuko wapi?"

"Paa?" Mjomba akagonga bati. Gong! "Paa si hili hapa?"

Kondo ndiye aliyeanza kucheka. Kisha dada yake. Kisha wote. "Paa la mabati! Chausiku analiletea bati nyasi! Bati litakunywa maji!"

Chausiku hakucheka. Akaingia ndani ya banda, akafunga mlango wa bluu. Akafunga na dirisha. Shwaaa. Akakaa juu ya nyasi na kulia.

Banda halikuwa na paa, basi mawingu yalimwona vizuri kabisa.

Bibi akaingia, akakaa naye kwenye nyasi. Alikuwa bado hajaelewa.

"Mwenzangu. Wewe ulidhani paa gani?"

"Paa yule," Chausiku akasema, akilia. "Mwenye masikio."

Bibi akaelewa. Kicheko kikamjia, lakini akaking'ata na ncha ya kanga yake, kikarudi tumboni.

"Pole, mjukuu wangu," akasema. "Paa hili linafunika. Paa yule anakimbia. Jina ni moja, na mimi sikukueleza. Nisamehe."

"Mimi nilimtaka paa yule."

"Najua."

"Nilimtaka sana."

"Najua, mama. Najua." Bibi akamkumbatia. Wakakaa hivyo, hawana haraka.

Mlimani kukasikika: ngruuu.

Bibi akainua kichwa. "Mvua hiyo. Na fundi hana msaidizi."

Chausiku akafuta pua. Akafikiri kidogo.

"Anataka msaidizi wa nini?"

"Wa kandambili."

Kandambili! Chausiku hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Lakini Bibi alikuwa na gunia zima la kandambili mbovu, zilizokatika mikanda. Si tulisema hatupi kitu?

Bibi akazikata vipande vidogovidogo. Kila msumari ulivaa kipande chake kabla ya kugongwa, ili maji yasipite pembeni. Kila tundu la zamani likazibwa kwa kipande na msumari.

Mjomba Kibwana akapanda juu. Chausiku akapitisha misumari kwa Bibi, Bibi akampa Mjomba. Kondo akaja polepole, anatazama miguu yake.

"Nami nishike ngazi?" akauliza.

Chausiku akamwangalia. Akamwangalia tena.

"Ishike," akasema. "Lakini kwa nguvu."

Ko! Ko! Ko!
Kandambili zimepata kazi!

Ko! Ko! Ko!
Mabati yamepata kazi!

Na wakati Mjomba anashuka ngazi, tone la kwanza likadondoka.

"Mvua! Ingieni!"

Wakakimbilia ndani ya banda. Watoto wote, Bibi na Mjomba, wamebanana bega kwa bega. Wakakaa kwenye nyasi, zilikuwa laini kweli. Nyasi nazo zimepata kazi!

Wakatazama juu. Je, litavuja? Bibi akakinga kiganja. Akangoja. Kiganja kikabaki kikavu.

Tu.

Tu. Tu.

Tuku. Tuku. Tuku.

Chausiku akaacha kutafuna ukucha. Akasikiliza.

Tuku, tuku, tuku, tuku.

Sauti ilianza upande wa mlango. Upepo ukavuma, sauti ikaenda upande wa dirisha. Tukutukutukutuku! Ikarudi tena. Ilikuwa miguu. Miguu myembamba, mingi, yenye haraka.

"Kondo!" Chausiku akasema. "Anakimbia!"

"Nani?"

"Paa!"

Watoto wakanyamaza. Wakasikiliza. Tukutukutukutuku!

"Kapita huku!" dada yake Kondo akapiga kelele.

"Kageuka! Anarudi!"

"Huyo! Huyo! Huyo!" Kondo ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Na safari hii hakuna aliyemcheka Chausiku.

"Mimi nimemsukuma njia nzima," Mjomba Kibwana akalalamika, "hakunisaidia hata hatua. Kumbe mbio hizi anazo!"

Chausiku akacheka. Alicheka mpaka akalala chali juu ya nyasi, anamsikiliza paa wake akikimbia huku na huku, bila kamba.

Mvua ilipopungua, watoto wakaenda kwao. Jembe likahamia kwenye banda. Kuni zikahamia. Baiskeli ya Baba ikaingia, ikaegemea ukuta.

Baba akarudi jioni. Akaingia ndani taratibu, anapapasa kwa mguu, kama kawaida yake. Hakujikwaa. Akasimama, akatazama nyuma, akarudi mlangoni, akaingia tena. Hakujikwaa.

"Mama," akamwambia Bibi, "leo nimefika mezani mzima."

Usiku ukaja. Chausiku akapanda kitandani. Chumba kilikuwa kipana sasa. Huko nje manyunyu yalikuwa yanadondoka kwenye banda, polepole.

Tuku... tuku... tu.

Mama akamfunika shuka mpaka kidevuni. Akasikiliza naye.

"Haya," Mama akasema. "Paa limetulia. Nawe lala."

"Siyo limetulia, Mama."

"Ila?"

"Ametulia."

Mama akafikiri kidogo. Akatabasamu.

"Ametulia," akakubali, na akazima taa.