Nilificha Jina la Dawa, Mdogo Wangu Akapoteza Jicho

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na nane, ni mjane, mzaliwa wa Mbeya ninayeishi Ipogolo, Iringa. Nina diploma ya kemia na kiburi cha digrii tatu. Hicho kiburi mtakiona wenyewe...

Nilikuwa na kiwanda kidogo cha sabuni. Mafuta ya pumba za mpunga nilikuwa nayatoa Rujewa. Tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Sekela, fundi cherehani aliyeacha wateja wake Mbeya akaja kunisaidia kwa sababu nilimlilia.

Anayepika sabuni anaijua tabu yake. Mafuta na maji ya kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, hayataki kuchanganyika. Utachemsha na kukoroga tangu asubuhi hadi jioni, kuni zinateketea, mikono inakufa ganzi! Ndipo nikakumbuka somo moja la chuoni. Kuna kichocheo, unga mweupe, ambacho kidogo tu kinaibeba kostiki kutoka kwenye maji na kuiingiza ndani ya mafuta, kisha kinarudi kubeba nyingine, kama mshenga anayekwenda na kurudi kati ya koo mbili. Nikajaribu, nikaharibu, nikajaribu tena... Hatimaye kazi ya kutwa nzima ikawa ya saa mbili, tena kwa moto mdogo! Siku hiyo nilicheza peke yangu na mwiko mkononi.

Hapo ndipo shetani aliponiingia. Nikaanza kuona wezi kila kona. Nilibandua lebo zote kwenye makopo ya kile kichocheo, nikabandika karatasi niliyoandika kwa mkono: Namba Tatu. Hata Sekela sikumwambia ni nini. Mdogo wangu wa tumbo moja! Aliponiuliza, nilimjibu akoroge tu, ya kitaalamu aniachie mimi. Akacheka, akasema, "Haya, Profesa." Na miwani ya kukinga macho ilikuwa moja tu pale kiwandani, nayo nilikuwa naivaa mimi.

Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya akasikia habari zangu. Akataka kununua ule utaalamu autumie kwenye kiwanda chake kikubwa. Nikapanda basi, nikamwachia Sekela kazi. Nimekaa ofisini kwa yule baba, mkataba uko mezani, simu ikaita. Namba ni ya Sekela, sauti ni ya nesi wa zahanati.

"Dada, ndugu yako amerukiwa na dawa jichoni akiwa anakoroga. Anasema inaitwa Namba Tatu. Ni kitu gani hicho?"

Jamani! Jina nilikuwa nalo mdomoni. Nilijua ile dawa imeyeyushwa kwenye kostiki kali, kwamba inakula jicho, kwamba linatakiwa lioshwe kwa maji mfululizo, muda mrefu, kisha mgonjwa akimbizwe kwa daktari wa macho. Lakini yule baba alikuwa ananitazama, kalamu mkononi...

Nikasema, "Ni sabuni tu, nesi. Mmuoshe kidogo, itaisha."

Sabuni tu! Kwa mdomo wangu huu huu!

Nesi akanishukuru. Wakamuosha kidogo, wakampa dawa ya matone, wakamruhusu aende nyumbani.

Nilipokata simu, yule baba akatabasamu, akaniambia nisihangaike kuficha dawa yangu. Mtaalamu wake wa maabara alishaitambua siku nyingi, iko kwenye vitabu na madukani Dar inauzwa. Alichokuwa anataka kwangu ni vipimo na uzoefu tu. Na hata hapo, wasomaji... hata hapo sikumpigia nesi! Niliona aibu kusema nimedanganya. Nikachukua kalamu, nikasaini.

Kesho yake nilipofika Ipogolo, jicho la kushoto la Sekela lilikuwa jeupe kama maziwa. Daktari wa macho alisema angeletwa mapema, na wangejua ni dawa gani, pengine lingepona. Nililia mbele ya daktari kama mtu asiyejua kitu.

Sekela alinishukuru miezi mingi kwa kumuuguza. Akishindwa kutunga uzi kwenye sindano, ananiita, namtungia, anasema, "Asante, dada." Asante ya nini? Jumapili moja tumetoka kanisani, ikanishinda. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: wakati namwambia nesi ni sabuni, jina la dawa nilikuwa nalikumbuka? Nikasema ndiyo. Akafunga nguo zake, akaenda kwa shangazi yetu Igowole. Simu zangu hapokei mpaka leo.

Ninyi mnaochanganya madawa majumbani na viwandani, nawapigia magoti. Acheni lebo zikae kwenye makopo yake! Anayekusaidia kazi ajue anashika nini. Na nesi akikuuliza, taja! Taja hata kama mshindani wako amekaa hapo ameshika daftari. Ningetaja siku ile, Sekela angekuwa na macho yake mawili, na mimi ningekuwa bado na mdogo.