Moto wa Bibi Gwantwa

Kule Ibaba, milimani karibu na mpaka wa Malawi, baridi ya mwezi wa sita si ya kawaida. Jogoo huwika alfajiri, sauti yake ikaganda hewani, nanyi mkaisikia jua likishaiyeyusha.

Ndiyo maana jiko la Bibi Gwantwa lilipendwa. Moto wake haukuzimika tangu alipoolewa. Majirani walikuja kuomba makaa, wakakaa, wakapiga soga, wakakohoa weee, ndipo wakaondoka.

Pembeni ya moto huo alikaa Enesi, mkwe wake, na mtoto mchanga, Diana. Diana alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alitakiwa kwenda kupasuliwa Dar es Salaam. Lakini kila safari ilipokaribia, nimonia ilimlaza. Daktari alisema lazima kwanza apate nguvu.

"Msogeze motoni, mwanangu," alisema Bibi Gwantwa. "Ona anavyonyonya huku jasho linamtoka! Joto limemwingia vizuri."

Enesi alitazama. Diana alinyonya kidogo, akaachia ziwa, akahema, akanyonya tena.

Mara akaingia Andongwisye, mhudumu wa afya wa kijiji, akifuta machozi ya moshi.

"Shikamoo, bibi. Humu ndani hata mende wanakohoa!"

"Marahaba. Nimekuogesha mwenyewe ukiwa mtoto, leo unanitukania mende wangu?"

Majirani waliokuwa wakiota moto wakacheka. Andongwisye hakucheka. Alikuwa amefunua nguo ya Diana.

"Enesi, tazama. Akivuta pumzi, kifua kinabonyea ndani. Na anahema haraka mno. Hii ni nimonia. Twende zahanati sasa hivi."

"Nimonia itoke wapi, na moto nimemkokea?" aliuliza Bibi Gwantwa. Lakini alishanyanyuka, khanga begani.

Zahanati wakampa Diana dawa ya kwanza na gari la kwenda hospitali ya wilaya. Huko akawekewa oksijeni. Enesi alimshika mkono mtoto wake, akiogopa hata kupepesa macho.

Nje ya wodi, Bibi Gwantwa alimbana Andongwisye.

"Nieleze. Usinifiche."

"Bibi, lile tundu linapeleka damu nyingi mno kwenye mapafu. Mapafu yanakuwa kama shamba la bondeni, limelowa muda wote. Ugonjwa ukidondoka humo, unaota haraka. Moshi unayaumiza. Wanaokohoa wanaleta mbegu. Na lile jasho la kunyonya si joto. Ni moyo unachoka."

"Na baridi je?"

"Kofia, soksi, na mgongo wa mama yake. Hivyo vinapasha joto, wala havitoi moshi."

Bibi Gwantwa aliinusa khanga yake, ikanuka moshi. Kisha akasema, "Basi nilikuwa namkaanga mjukuu wangu."

Enesi aliporudi nyumbani na Diana, hakuamini macho yake. Jiko lilikuwa limesafishwa. Mafiga yalikuwa kwenye kibanda kipya, mbali uani. Moto wa miaka yote mama mkwe wake alikuwa ameumwagia maji kwa mkono wake mwenyewe. Wapo wanaoapa kwamba mvuke wake ulivuka mpaka ukaingia Malawi bila pasipoti.

Tangu siku hiyo Bibi Gwantwa akawa mlinzi wa mlango.

"Nawa mikono kwanza! Wewe mwenye mafua, salimia ukiwa hapo hapo!"

"Hata mchungaji, mama?" Enesi alimnong'oneza.

"Hata mchungaji. Mungu anamsikia hata akiombea uani."

Enesi hakukosa kliniki. Diana alipata chanjo zake zote, na dawa ya moyo kila siku. Maziwa alipewa kidogo kidogo, mara nyingi. Mwezi wa saba ukapita. Wa nane ukapita. Nimonia haikurudi. Diana akaongezeka uzito, akasafiri, akapasuliwa, akarudi na kovu kifuani na kelele za kutosha kijiji kizima.

Jioni moja Diana alinyonya bila kupumzika hata kidogo. Bibi Gwantwa akanyoosha mkono, ule ule uliomwaga maji, akaupitisha kwenye paji la uso wa mjukuu wake.

"Pakavu," alisema.

Akapapasa tena, kama asiyeamini.

"Enesi, mwanangu, njoo ushike. Pakavu kabisa!"