Sikio Lililogoma Kufunguka

Kitu cha kwanza alichogundua Kimya asubuhi ile ni kwamba ufagio ulikuwa unasikika upande mmoja tu. Alifagia sebuleni, akafagia mlangoni, na kila mara mchakacho wake uliingia sikio la kulia. La kushoto lilikuwa kama limefungiwa mlango. Pua nayo ilikuwa ikichuruzika tangu juzi.

Kimya lilikuwa jina la utani, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hiyo angepanda ndege kwa mara ya kwanza, aende kumwona mama yake, mpishi wa hospitali katika mji wa mbali. Hawakuwa wameonana mwaka mzima.

"Mbona unavuta kamasi?" shangazi yake aliuliza huku akifunga begi. "Kama ni mafua, sema. Safari inaweza kusogezwa."

"Ni vumbi tu, shangazi."

"Haya, Bi Vumbi, vaa viatu."

Shangazi alikuwa fundi cherehani aliyewahi kupanda ndege mara moja, kwa hiyo alijiona mtaalamu. Walipoketi tu ndani ya ndege, alimpachika pamba masikioni. "Sasa lala. Ukifumbua macho, tumefika."

Kimya akalala fofofo.

Aliamshwa na maumivu. Ndege ilikuwa inashuka, na sikio la kushoto liliuma kama linapigiliwa msumari. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja. Mhudumu wa ndege, dada mrefu aliyepita akikagua mikanda, ndiye aliyemwona.

"Mdogo wangu, ni sikio?"

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Na hii pamba?"

"Nimemwekea mimi," shangazi alisema. "Nilikuwa nazuia upepo."

"Hapa hakuna upepo, dada. Ndege ikishuka, hewa ya humu inaizidi nguvu ile iliyo nyuma ya ngoma ya sikio, basi ngoma inasukumwa ndani. Ukimeza mate au ukipiga mwayo, kijia kinachotoka nyuma ya pua hadi sikioni kinafunguka, hewa inakuwa sawa. Aliyelala hamezi vya kutosha. Haya, mdogo wangu, meza. Tena!"

Kimya alimeza, akapiga miayo mpaka taya zikachoka. Sikio la kulia likafunguka, pa! La kushoto likagoma.

"Una mafua?" mhudumu akauliza.

Kimya alimtazama shangazi yake. Akikubali, ataonekana mwongo. Akikataa, huenda sikio likaharibika, naye alitaka kuisikia sauti ya mama kwa masikio yote mawili.

"Tangu juzi," alisema.

Shangazi akamchomoa ile pamba.

Mama aliwapokea uwanjani. Aliposikia habari, hakuwapeleka nyumbani. Aliwapeleka zahanati moja kwa moja. Daktari akamulika sikio kwa kitochi kidogo.

"Ngoma ni nyekundu, lakini haijatoboka," alisema. "Mafua yakiisha, sikio litafunguka lenyewe. Likizidi kuuma, mrudi hapa. Sikiliza, binti. Mafua huvimbisha kile kijia, hewa ikakosa pa kupita. Ungesema mapema, ungetibiwa kwanza, au mngengoja siku chache. Mwili wako unakwambia wewe kwanza. Ukinyamaza, sisi wengine tutajuaje?" Kisha akamgeukia shangazi. "Na wewe, siku nyingine mwamshe kabla ndege haijaanza kushuka."

"Nimesikia, daktari. Tena kwa masikio yote mawili."

Kimya alicheka, na kucheka kukamuuma kidogo.

Walipotoka, shangazi alitangulia na begi. Mama alihamia upande wa kulia wa mwanawe ili asikike vizuri.

"Kwa nini ulificha, mwanangu? Safari ingesogezwa, basi. Ningekungoja."

Kimya alitembea hatua kadhaa. Jibu alikuwa nalo moyoni mwaka mzima, na hata katika simu za kila Jumapili hakuwahi kulitamka.

"Niliogopa, mama," alisema, safari hii kwa sauti. "Niliogopa utazoea kukaa bila mimi."