Miavuli ya Sentimita Arobaini

Mashine tatu za fotokopi zilikuwa zikinguruma kwa pamoja, na watu waliobana bahasha kwapani walisukumana mbele ya kaunta kana kwamba kuna kitu kinagawiwa bure. Zilikuwa wiki za mwisho za maombi, zile ambazo vyuo huwafanya watu wazima wakimbie barabarani na karatasi mikononi. Msichana mmoja, blauzi yake ya kijani imebana kiunoni, sketi ya jinzi ikifika kwenye vifundo vya miguu, alikuwa akimkodolea macho mwenye duka.

"Hii si nyekundu. Hii ni rangi ya matofali."

"Dada, mashine haijui ulichotaka. Inajua ulichoweka."

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kazi la buluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni, kucha zake zina madoa ya zambarau ambayo sabuni ilishayashindwa zamani.

"Miavuli iliyopinduliwa na upepo," kijana akasema, shingo ameinyoosha juu ya bega la msichana. "Mizuri sana. Tatizo lake haitachapika."

Msichana akaufunika mchoro kifuani. "Samahani, tunajuana?"

"Hatujuani. Ila rudio lako lina sentimita arobaini."

Rudio ni kile kipande kimoja cha mchoro kinachojirudia tangu mwanzo wa jora la kitambaa mpaka mwisho wake. Chuoni walifundishwa kuchora la arobaini kwa sababu karatasi za darasani zilitosha arobaini, na hakuna mwalimu aliyewahi kujisumbua kusema zaidi ya hapo.

"Umepima kwa macho?"

"Macho yangu yanalipwa kwa kazi hiyo. Mimi natengeneza roli za kuchapia vitambaa, kiwandani. Roli ikizunguka mara moja ni sitini na nne. Ukiniletea arobaini, itabidi niikate vichwa hiyo miavuli yako."

"Na wewe umesomea wapi?"

Swali hilo! Limewafungia watu milango mingi kuliko makufuli yote ya mjini, na anayeliuliza huwa hahitaji jibu. Kijana alilijua vizuri. Kicheko kikamtoka usoni.

"Kwenye roli," akasema, akachukua karatasi zake akaondoka.

Msichana alirudi nyumbani na hasira. Kilichomchoma zaidi ni kwamba alikwenda moja kwa moja kwenye kitabu, akahesabu, akamkuta yule mtu yuko sahihi. Akaanza kuichora miavuli upya, sentimita sitini na nne. Nakala ya ile ya arobaini alikuwa ameshaikabidhi kwa mhadhiri wake tangu muhula uliopita, kazi ya darasa.

Mwaka mzima alikuwa kwenye darasa la maandalizi, akisomea ubunifu wa vitambaa ili aombe shahada ya uzamili. Chuo kikuu alichokitaka kilidai vitu viwili: michoro minane ambayo haijawahi kuchapwa wala kuuzwa, na barua ya mtu aliyefanya kazi ya vitambaa kwa miaka isiyopungua kumi. Nafasi zilikuwa sita. Mhadhiri, ambaye ujana wake aliupitishia viwandani, alimwahidi barua. Mchoro uliobeba mingine yote ulikuwa wa miavuli. Kwa ajili ya hayo alikuwa akilala kwenye godoro chini ya meza ya cherehani ya dada yake, akiamka na nyuzi kichwani.

Siku nne baadaye alirudi dukani na mchoro mpya. Hakujiambia kwa nini alikwenda saa ileile. Kijana alikuwapo.

"Sitini na nne," msichana akasema kabla ya salamu. "Pima."

Akapima. "Sawasawa, Msomi."

"Mimi siitwi Msomi."

"Na mimi siitwi 'umesomea wapi'. Lakini ndivyo ulivyoniita."

Wakacheka. Hivyo ndivyo msichana alivyogeuka Msomi na kijana akawa Fundi, na simu zikaanza.

"Halo, Msomi wangu. Umekula?"

"Nimekula. Uko wapi, mbona pana kelele?"

"Kiwandani. Pangekuwa kimya ungeniuliza niko na nani."

"Na pangekuwa kimya, ungekuwa na nani?"

"Huyo dada yako anakufundisha vibaya, mpenzi."

Dada alikuwa fundi cherehani, na miaka kumi na mitano ya kuwapima watu viuno ilikuwa imemfundisha asimwamini yeyote anayevuta tumbo ndani. "Mwanamume aliyejua ukubwa wa mchoro wako kabla ya kujua jina lako," alisema, pini zimejaa mdomoni, "huyo anapenda mchoro."

"Dada, wewe hata wateja wako unawashuku."

"Ndiyo maana hawajanikimbia na nguo."

Msomi alicheka, lakini neno lilibaki. Fundi aliomba nakala za michoro yake, akisema anataka kuitazama kwa raha. Alimpa sita, miavuli ikiwa juu. Kisha akaanza kumchunguza. Kwa nini simu nyingine anatoka nje kuzipokea? Kwa nini hajawahi kumpeleka kwao?

Jumamosi moja Fundi alikuja kuwasalimu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka lina makali. Simu yake ikalia, akatoka barazani. Dada, aliyekuwa dirishani akitafuta mkasi, hakuziba masikio.

"Miavuli imekufikia?" Fundi alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Itazame taratibu, halafu unirudishie kabla hajajua... Hapana, hajui. Nikimwambia atakasirika."

Alipoondoka, dada alimsimulia mdogo wake neno kwa neno. Msomi akapiga simu.

"Leo barazani uliongea na nani?"

"Mtu wa kazini tu."

Jibu lilikuja haraka mno. Mtu mkweli hufikiri kidogo.

"Mtu wa kazini," Msomi akarudia.

"Ndiyo. Kuna nini, mpenzi?"

"Hakuna kitu."

Jumatano asubuhi mteja aliingia kushonesha gauni la mikono mirefu. Akatoa kitambaa kwenye mfuko, akakitandaza mezani: miavuli myekundu iliyopinduliwa na upepo, juu ya rangi ya kijivu.

Dada aliacha kukanyaga cherehani. Msomi, aliyekuwa amekaa sakafuni na penseli sikioni, alinyanyuka polepole.

"Mama, hiki umekipata wapi?"

"Sokoni. Si kimejaa huko? Kila mtu anacho."

Kila mtu anacho. Mchoro uliokwisha kuchapwa haumfai tena kwa chuo kikuu. Akiupeleka, ajabu ni kama hataitwa yeye mwizi. Dada alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza hakusema "nilikwambia".

Zilibaki siku tisa maombi yafungwe.

Mchana ule, zamu ya asubuhi ikitoka, Msomi alikuwa kwenye geti la kiwanda na mita mbili za kitambaa alizozinunua mwenyewe. Fundi alipotokeza tu, zilimpiga kifuani.

"Hiki nini?" Msomi akafoka.

Fundi alikikunjua, akakodoa macho. "Nani kakichapa hiki?"

"Unaniuliza mimi? 'Miavuli imekufikia? Itazame taratibu, nirudishie kabla hajajua.' Nani huyo uliyempelekea kazi yangu?"

Fundi alikuwa bado anakigeuza kitambaa. Watu walianza kusimama.

"Sema basi! Ulimi umeuacha kwenye roli?"

Fundi alitoa futi ya utepe mfukoni, akapiga goti palepale kwenye saruji, akatandaza kitambaa.

"Jamani, anaposa!" mfanyakazi mmoja akapiga kelele, na wenzake wakashangilia.

Fundi aliweka futi kwenye ncha ya mwavuli mmoja, akaivuta mpaka kwenye ncha ya pacha wake. "Soma."

"Sitaki."

"Msomi. Soma."

Akainama bila kupenda. "Arobaini."

"Zile nakala ulizonipa mimi?"

"...Sitini na nne."

"Hizi roli zetu haziwezi kutoa arobaini hata uzipigie magoti. Hiki kimechapwa kwingine, kutoka kwenye mchoro mwingine. Wa arobaini ulimpa nani?"

Msomi alijua: mhadhiri wake. Mwaka mzima wa kusomea vitambaa, na siku elimu ilipohitajika alikitazama kitambaa kama mteja, akaiona miavuli, akamwona mwizi, asikumbuke kupima. Masikio yalimwaka moto. Lakini hakuwa mtu wa kunywea kirahisi.

"Na simu? Ulimpelekea nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako ana nini na michoro yangu?"

"Alichora kwenye kiwanda hiki miaka ishirini na miwili." Fundi alikuwa bado amepiga goti. "Mapazia yaliyomo ofisi za wakubwa, mashuka, magauni waliyoolewa nayo hawa akina mama wanaopita hapa, nusu yake ni mkono wake. Hakuna hata kipande kimoja chenye jina lake. Siku moja wakasema asiye na cheti aondoke. Wakabaki na michoro, yeye akatoka na mkoba. Nilitaka aione kazi yako. Ameigusa kwa penseli hapa na pale, nilikuwa najipanga kukuonyesha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ya kwanza uliniuliza nimesomea wapi. Nikajua na yeye utamuuliza."

Hilo lilimchoma kuliko kitambaa. Hata hivyo akakikusanya kitambaa chake.

"Ulichukua kitu changu ukanidanganya mchana kweupe. Kutokiuza hakukufanyi mwema. Usinipigie simu."

Akavuka barabara, akaenda chuoni.

Mhadhiri alikuwa ofisini, tai imelegezwa, kikombe cha kahawa juu ya rundo la kazi za wanafunzi. Alikitazama kitambaa bila kushtuka.

"Ungepaswa kufurahi. Kazi yako iko sokoni."

"Bila ruhusa yangu, Mwalimu?"

"Ruhusa ulitoa. Fomu ya siku ya kwanza, kifungu cha saba: kazi za darasani ni mali ya chuo. Ulisaini."

"Tulipewa fomu ile tukiwa kwenye foleni! Ulisema ni ya kitambulisho cha maktaba."

"Nilisema *pamoja na* maktaba." Akanywa kahawa. "Binti, dunia ya vitambaa ni ndogo. Na nadhani bado unahitaji barua yangu."

Hivyo ndivyo wanavyofanya, na hivyo ndivyo walivyofanya kabla yake: wanakuchukulia mkate, halafu wanakukumbusha kwamba kisu ni chao. Wengi walionyamaza katika ofisi ile wana vyeti leo na hawana michoro.

"Nilikuwa naihitaji," Msomi akasema. Alikunja kitambaa chake vizuri, pembe kwa pembe. "Na darasa zima litajua kifungu cha saba kesho asubuhi. Nitawasomea mwenyewe."

Aliwasomea. Watu kumi na wanne walizuia kazi zao siku hiyo. Lakini barua hakuwa nayo, na nafasi ya mchoro wa nane ilikuwa tupu. Alichora siku nne mfululizo, dada akimwekea sahani pembeni na kuiondoa ikiwa baridi.

"Mpigie," dada akasema siku ya tano.

"Wewe ndiye uliyesema nimwogope."

"Nilisema anapenda mchoro. Basi si ndiyo kazi yako? Ulitaka apende nini?"

Simu iliita mara moja tu.

"Halo?" Sauti ya Fundi ilikuwa kama ya mtu aliyekalia simu.

"Mama yako yuko nyumbani?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Usiniulize kwa nini. Nielekeze." Akavuta karatasi na penseli. "Na ile arobaini... nisamehe. Ningepima kwanza."

"Na mimi ningesema kwanza, mpenzi wangu. Unapajua mahali pa—"

"Nitapajua. Sema."

Mama yake Fundi alikuwa mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitandaza michoro minane mezani, karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya ule mpya: ngazi za nyumba zilizopindana kama utepe.

"Huu hujamwonyesha mtu?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Huu unapumua. Ile miavuli ilikuwa imebanana, nilikuwekea alama." Akamtazama juu ya miwani. "Unataka nini kwangu?"

Msomi akamweleza habari ya barua, akaweka mezani fomu ya kuiandikia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta fomu karibu kama mtu anayevuta sahani ambayo hakuiagiza.

"Karatasi hii inakwenda wapi?"

"Chuo kikuu."

"Nani ataisoma? Nakala nitabaki nayo?"

"Utabaki nayo."

"Hapa wanauliza nimesoma mpaka wapi?"

"Hawaulizi. Wanauliza umefanya kazi miaka mingapi."

Mama akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akaandika: ishirini na miwili. Akaendelea, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea brashi. Katikati kalamu ikasimama.

"'Uhusiano wako na mwombaji.' Niandike nini?"

Fundi, aliyekuwa ameegemea mlangoni tangu mwanzo bila kutia neno, akakohoa. "Andika mkwe."

Msomi aligeuka taratibu, uso umemwiva.

"Nani kakuambia?"

"Nakuuliza sasa. Mbele ya mama."

"Akiandika mkwe wataitupa barua. Watasema tumepanga."

"Kwa hiyo ni barua tu inayokuzuia?"

"Ni miaka miwili inayonizuia, Fundi. Nikikubaliwa naenda. Utangoja?"

"Nitangoja."

"Bila watu wa kazini wa kuongea nao barazani?"

"Nitaongelea ndani, usikie."

Akataka kukunja uso, kicheko kikamshinda. "Basi ndiyo. Lakini kwenye fomu hapana."

"Mkimaliza mtaniambia," mama akasema, na hakuna aliyejua kama amekasirika. Akainama, akaandika polepole kwenye ile nafasi: *mchoraji mwenzangu*. Kisha akafika chini kabisa, penye mstari mtupu, akainua kalamu.

"Na hapa?"

"Hapo jina lako, mama."

"Langu?" Alimtazama kwa shaka ileile ya mwanzo, kana kwamba kuna mtu nyuma ya mlango anayesubiri kulifuta. "Lote?"

"Lote."