Kuitwa kwa Shuisheng

Haya yalimpata rafiki yangu Qiuyan, anayelala kitanda cha juu ya changu katika bweni la kiwanda cha midoli, Dongguan. Mwanawe Shuisheng alimwacha kwa mama mkwe wake, mbali huko milimani Guizhou, mtoto akiwa hata kutambaa bado. Huu ni mwaka wa tatu hawajaonana.

Jioni moja alitumwa stoo kuchukua robota la pamba. Umeme ukakatika. Mashine zote zikanyamaza, na mle ndani giza likawa totoro. Simu yake ikalia.

"Mtoto anachemka homa tangu jana, hafumbui macho," alisema mama mkwe. "Nimesimama mlangoni na koti lake, naiita roho yake irudi. Mwite na wewe, mwanangu. Huenda akaijua sauti yako."

Qiuyan aliibana simu sikioni. Akamsikiliza kwanza bibi akiita polepole, kama wanavyoita kwao:

"Shuisheng, rudi nyumbani. Shuisheng, njoo ule."

Ndipo nyuma ya marobota, karibu kabisa na bega lake, sauti ndogo ikaitika:

"Bibi, ningoje kidogo. Bado namtazama mama."